Fundi Aliyekataa Mikanda Yake Iitwe ya Italia

Habari ya kifo chake ilinikuta Kilifi, nimekaa kwenye benchi la ofisi moja ya serikali nikisubiri kuitwa. Aliyenipigia simu alikuwa binti yake, na hakuwa akilia. Alinieleza kwa utulivu kwamba mama yake aliamka salama, akaswali alfajiri, akanywa chai, kisha akasema kifua kinambana. Jirani alitoa gari lake, lakini kabla hawajafika hospitali mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mazishi yangekuwa baada ya alasiri, mtaani kwao Barani, Malindi. Niliacha shughuli yangu pale pale nikarudi Malindi, na nilipofika makaburini watu walikuwa wamejaa mpaka njiani: walimu, wauguzi, madereva wa bodaboda waliokuwa wameshika kofia zao kwapani, wauza samaki, na hata Wakristo kadhaa waliotoka huko ndani, upande wa Ganze na Bamba, wakasimama pembeni kwa adabu. Mikono ilipokuwa ikisukuma mchanga kaburini niliona mikanda ya saa, mkanda baada ya mkanda, ya ngozi ya kahawia iliyoiva kwa jasho na kwa miaka, na nilijua kila mmoja umetoka kwa yule tuliyekuwa tukimfukia. Wanaonisoma kila wiki wanajua sina desturi ya kutaja watu majina hapa, na leo sitaivunja. Nitamwita fundi, kwa kuwa ndivyo Malindi ilivyomwita, na kwa kuwa wapo waliofanya kila njia asiitwe hivyo.

Baba yake alikuwa mshona makubadhi katika mji wa kale. Watoto wake wa kiume walikua wakaenda kuvaa sare nyeupe za mahoteli, na binti ndiye aliyebaki kando ya mkeka wa babake, akimshikilia ngozi, akimpaka nta uzi, akitazama. Baadaye aliolewa, akaachika, akarudi kwao na mtoto mchanga. Baba alipofariki, kaka zake walikaa wakaamua vyombo vya kazi viuzwe kwa fundi mmoja wa sokoni, maana nyumbani hakuna mwanamume wa kuvitumia. Yeye alikuwa jikoni akiyasikia yote. Alitoka, akafungua gunia walilokwisha kulifunga, akarudisha nyundo, visu na sindano mahali pake, kisha akaketi kwenye mkeka wa marehemu akaendelea na kiatu ambacho babake alikiacha nusu. Kaka mkubwa alimwambia kwamba mwanamke kukaa barazani na nyundo mkononi ni kuwavunjia heshima. Wanasema hata uso hakuuinua. "Heshima yenu ilikuwa ikilishwa na nyundo hii hii, kaka," alimjibu, akapiga msumari.

Makubadhi hayakumlisha kwa muda mrefu. Mji ulijaa kandambili za plastiki na viatu vinavyoletwa kwa makontena, na vijana wakawa hawana haja tena ya kiatu kinachoshonwa kwa subira. Hapo ndipo alipogeukia mikanda ya saa. Alisema mkanda ni kitu kidogo, unahitaji kipande kidogo cha ngozi, na mtu anayeipenda saa yake hawezi kuivalisha takataka. Mimi nilimwendea kwa sababu nyingine kabisa. Mkanda wa mpira uliokuja na saa yangu ulikuwa ukinibabua. Joto letu na jasho la chumvi viliugeuza kuwa kama kaa la moto, na kifundo changu cha mkono kikawa na vidonda visivyopona. Nilimkabidhi saa. Aliiweka pembeni bila kuitazama, akanishika mkono, akaugeuza huku na huku kama daktari. Akaniuliza naandika kwa mkono gani, akaniambia nikunje ngumi, kisha niiachie, na kila mara akanizungushia ukanda mwembamba wa karatasi na kuutia alama. Nilimwambia nina arusi ya mpwa wangu hivi karibuni, kwa hiyo afanye haraka. "Basi nenda arusini bila saa, kaka," aliniambia. "Bi arusi hatakuuliza ni saa ngapi."

Nilienda bila saa. Lakini nilikuwa na wakati, nikawa napita barazani kwake kumtazama, na mengi ninayoyajua kuhusu kazi ile niliyajulia pale. Ngozi ya nje ilikuwa ya ng'ombe, ya ndani ya mbuzi, laini kama shavu la mtoto, zote kutoka kwa mzee mmoja wa Bamba aliyezilainisha kwa magome ya miti. Alizikata kwa kisu kimoja, mkato mmoja, pumzi ameizuia. Ncha alizikwangua mpaka zikawa nyembamba, ili zikunjike kwenye kile kichuma cha saa bila kufura. Akazigandisha pamoja kwa gundi, akaziacha chini ya jiwe. Alama za mshono alizigonga kwa uma wa chuma, moja baada ya nyingine, kisha akashona kwa sindano mbili, kila moja ikipita tundu lile lile kutoka upande wake, hivyo kwamba uzi mmoja ukikatika siku moja, wa pili unaendelea kushika. Mwisho alilowesha kingo kwa kitambaa, akazisugua kwa kipande cha mti mgumu mpaka zikang'aa kama zimepakwa mafuta. Mkanda ule ninao mkononi ninapoandika haya. Vidonda vilipona nikasahau kwamba niliwahi kuwa navyo.

Mambo yalimwendea vizuri zaidi alipokuja mfanyabiashara mmoja mwenye maduka ya zawadi kwenye mahoteli, Malindi na Kilifi. Alikuwa kijana mtanashati, mwepesi wa maneno. Aliipenda mikanda, akaagiza mingi, akasema ataichukua yote itakayotoka. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba upande wa ndani, ule unaogusa ngozi ya mtu, uachwe mtupu bila alama yoyote. Fundi hakuona ubaya. Aliwaita wanawake wawili wa mtaani akawafundisha kazi. Mmoja wao alikuwa mjane wa Kigiriama, muimbaji wa kwaya, mwenye watoto shuleni na sauti iliyosikika nyumba ya tatu. Baraza ile ikawa na kicheko, harufu ya nta na mlio wa nyundo kutwa nzima. Fundi akaezeka nyumba upya. Kaka yake mkubwa, yule wa heshima, akaanza kuwaleta wageni wake kumwonyesha dada yake.

Siku moja nilikuwa na safari ya Kilifi, akaniomba tufuatane. Mfanyabiashara alikuwa Nairobi, na yeye alitaka kuipeleka mwenyewe mikanda kwenye duka la hoteli moja kule Bofa, mahali ambapo hakuwahi kufika. Tulipokelewa na binti wa dukani, mstaarabu sana, aliyetupa shikamoo na kutukaribisha viti. Ndani ya kabati la kioo, juu ya kitambaa cheusi, ilikuwa mikanda yake. Fundi alitabasamu kama mtu anayewaona wanawe wamevaa nguo za sikukuu, akamwomba binti amtolee mmoja, akamuuliza umetoka wapi. "Huo ni wa Italia, mama," binti akamjibu. "Unashonwa kwa mkono na mafundi wa kule." Fundi aliugeuza. Pale alipoambiwa apaache patupu palikuwa pamechomwa maneno ya Kitaliano kwamba kitu hiki kimetengenezwa Italia. Kitaliano alikijua kama wengi wetu Malindi tunavyokijua, kwa kukisikia tangu utotoni. Aliyasoma maneno yale kwa sauti, polepole. Kisha akafungua mfuko wake, akatoa mikanda aliyokuja nayo, mitupu kwa ndani, akaipanga juu ya kioo mbele ya yule binti. Binti alitazama huu, akatazama ule, akaziba mdomo kwa kiganja. Fundi alimwambia asijali, kosa si lake.

Alimpigia simu mfanyabiashara pale pale, sauti ikiwa wazi nami nikiisikia. Sikutegemea kwamba yule bwana hataona haya hata kidogo. Alieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba mgeni hawezi kununua kitu cha thamani akijua kimeshonwa Barani. Jina ndilo linalouza, akasema, na mama kazi yake inalipwa, sasa analalamikia nini? Fundi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akamwambia, "mikono yangu ni hii miwili na yote iko hapa. Kama imewahi kufika Italia, mimi sikuiona ikirudi. Futa maneno haya, au sikushonei tena."

Yule bwana alicheka, akamwambia awafikirie wale wanawake barazani kwake kabla ya kujifanya shujaa. Fundi akakata simu, akarudisha mikanda mfukoni, akamuaga binti vizuri. Tulishika njia ya kurudi Malindi mpaka tukapita Matsangoni. Hapo akaniambia kwamba kudanganywa amekuzoea, hakumuumizi. Linalomuumiza ni kwamba wale wageni wameisifu kazi yake miaka yote huku wakiamini kwamba mtu kama yeye hawezi kuifanya.

Ningependa kuwaambieni kwamba alirudi nyumbani akashangiliwa. Haikuwa hivyo. Kaka yake alisema amerukwa na akili. Mmoja wa wale wanawake wawili aliondoka kimya kimya. Yule mjane hakuondoka kimya. Alisimama katikati ya ua akamuuliza mbele za watu: "Hilo jina la Malindi, fundi, nitalichemsha kwenye sufuria gani?" Kisha akachukua leso yake akaenda kutafuta kazi ya kufua mashuka hotelini. Fundi aliniambia baadaye kwamba swali lile lilikuwa la haki. Alirudi kushona viatu vya watu sokoni, kubandika soli, kutia viraka mifuko ya shule. Niliona akikonda. Watu wa busara, na mimi mmoja wao, tulimshauri azungumze na yule bwana, watafute njia ya katikati. Alituuliza katikati ya Italia na Malindi ni wapi.

Badala ya kuzungumza, alikwenda kwa mhunzi mmoja wa mjini akachongesha muhuri mdogo wa chuma wenye neno moja tu, MALINDI. Tangu siku hiyo kila mkanda uliotoka mkononi mwake ulichomwa neno hilo upande wa ndani, pale pale palipotakiwa pawe patupu. Nilimuuliza kwa nini asiandike jina lake. Alisema jina lake watu wa kwao wanalijua, lakini wapo wasiojua kwamba hapa tunaweza. Wateja walikuja taratibu mno. Kwanza wauguzi, ambao saa ni kazi yao na maji ya kunawa huharibu mikanda yao. Kisha walimu, kisha vijana wa bodaboda, kisha mama mmoja mhadhiri wa chuo kikuu Kilifi aliyewaleta wenzake. Na siku moja akaja mzee wa Kitaliano, mkazi wa miaka mingi mwenye Kiswahili cha mafundi ujenzi, ameshika mkanda ulioharibiwa na mlango wa gari. Alikuwa ameununua Bofa kwa fahari ya kwao. Fundi alimweleza ukweli wote huku akiushona upya. Mzee alicheka mpaka akaketi chini, halafu kicheko kikamwisha, uso ukaiva, akasema wamemwibia mara mbili, yeye na nchi yake. Aliagiza mingine yenye neno la Malindi na kuwapelekea ndugu zake kule kwao. Ndivyo mikanda ile ilivyofika Italia kweli, kwa jina lake halisi.

Yule mjane naye alirudi. Msimu wa wageni ulipokwisha hoteli iliwapunguza, na asubuhi moja akatokea barazani, akakaa mahali pake pa zamani, akashika mkanda uliokuwa haujamalizika. Fundi alimsogezea uzi. Hapakuwa na kuombana radhi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemkosea mwenzake.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu tulipomzika, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo hasira inavyonipanda. Sisi watu wa pwani tumesifiwa upole mpaka sifa yenyewe imekuwa njia ya kutunyamazisha. Korosho zetu huondoka hapa mbichi, nasi tukazinunua ndani ya mikebe yenye majina ya miji tusiyoijua. Maembe yetu hunywewa mbali yakiwa yamebadili kabila. Mtoto wetu akishona nguo nzuri tunamwambia, "Kama ya dukani," na tunadhani tumemsifu. Tumezoeshwa kuwa sisi ni mahali ambapo vitu huanzia, na wengine ni mahali ambapo vitu hupata jina. Wakati mwingine anayetufanyia hivyo si mgeni hata kidogo. Ni mwenzetu, anayeijua njia ya Barani vizuri, aliyetuamkia shikamoo jana. Na tukilalamika tunaambiwa tufikirie watoto wetu, kana kwamba watoto hao hawatakua siku moja wakauliza baba na mama walitengeneza nini duniani.

Siku ya hitima mfanyabiashara alikuja. Alivaa kanzu safi, akasoma nasi, akawapa mkono wafiwa. Baada ya dua akamwita binti wa marehemu kando, nami nikafuatana nao kwa kuwa binti aliniomba nisimame naye. Maneno yake yalikuwa matamu. Alisema dunia imebadilika, wageni wa siku hizi hawataki tena vitu vya kwao, wanataka vya hapa, vilivyotengenezwa na kina mama wa hapa. Alikuwa na shehena ya mikanda ya mashine njiani kutoka ng'ambo, mizuri tu. Alichokihitaji ni muhuri ule wa chuma na picha ya marehemu ya kutundika madukani. Familia ingefaidika na mama angeenziwa. Sikuamini masikio yangu. Mtu aliyesema jina la Malindi haliuzi alikuwa amekuja kulinunua peke yake, bila kazi, bila mikono, siku ya dua ya mwenyewe.

Binti alimgeukia yule mjane, aliyekuwa amefika mlangoni na sinia la pilau na kuyasikia yote. Mjane aliteremsha sinia taratibu.

"Muhuri hauuzwi," alisema. "Mikanda ipo, naishona mimi na huyu binti. Ukitaka mikanda, agiza, kisha ungoje kama wenzako."

Yule bwana alitwambia hatujui biashara, akaondoka kabla ya chakula kupakuliwa. Hakuna aliyemshika mkono kumrudisha, na nyinyi mnaotujua mnajua hilo si jambo dogo katika nyumba ya pwani.

Sitaki mtu amalize kusoma safu hii akisema masikini, mama yule aliteseka kwa sababu ya neno moja. Aliteseka kweli, na neno lilikuwa moja, na alikuwa na haki. Kwa hiyo nawaambia mliokaa mbele ya cherehani, mnaochonga milango, mnaosuka mikeka, mnaopika vitu ambavyo watu husafiri kuvifuata: kazi ya mkono wako isikubali kutoka nyumbani ikiwa yatima. Sema imetoka wapi na nani ameifanya, useme kwa sauti, hata kama wa karibu yako wataona haya. Ukitishwa kwamba wanunuzi watakimbia, wape njia wakimbie. Miezi ya njaa itakuwepo, siwezi kukuficha, na hakuna atakayekupigia makofi. Ipite ukiwa umeketi wima, chombo kikiwa mkononi, na kazi inayofuata iwe nzuri kuliko iliyotangulia.